KARAI LA MOTO: RAFIKI NJE, MUUAJI NDANI

Ndugu msomaji, karai unalijua. Mama anakaangia maandazi. Muuza samaki anakaangia samaki pale stendi. Fundi mwashi anabebea zege. Karai ni chombo cha duara, kipana mdomoni, chenye mikono miwili.

Lakini je, unajua kuwa neno "karai" limetoka India? Wahindi huliita chombo hicho karahi au kadai. Neno lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara na mafundi, likafika pwani yetu, likawa neno la Kiswahili.

Siku hizi karai hilo limesafiri tena. Limefika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Huko halikaangi maandazi. Linawashwa moto ndani yake. Watu hulikalia pembeni bustanini, wakaota moto na kuchoma nyama.

Katika makala hii tutajifunza jinsi karai la kupikia lilivyogeuka kuwa jiko la nje. Tutajifunza pia jambo kubwa zaidi. Moto ulio ndani ya chombo unaweza kuwa rafiki, na unaweza kuua watu wa nyumba nzima usiku mmoja bila kelele. Tofauti ni mahali ulipouweka.

KARAI LA INDIA

Huko India kuna makarai ya kila ukubwa. Madogo ni ya jikoni nyumbani. Hutumika kupikia mboga, nyama na vitu vya kukaanga. Makubwa ni ya shughuli za watu wengi. Mengine ni mapana kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuyabeba.

Makarai makubwa hutumika harusini na kwenye sikukuu. Watengenezaji wa vitamutamu huchemshia maziwa humo mpaka yawe mazito. Katika hekalu kubwa la Masingasinga lililoko mji wa Amritsar, maelfu ya watu hulishwa bure kila siku. Chakula chao hupikwa katika masufuria na makarai makubwa sana.

Karai kubwa lina kazi nyingine shambani. Wakulima wa miwa hukamua maji ya miwa, wakayamimina katika karai pana, wakayachemsha kwa moto mkali. Maji hupungua, yakawa mazito, kisha yakaganda. Hiyo ndiyo sukari guru. Neno "guru" nalo limetoka kwao. Wao huita sukari hiyo gur.

Karai la zamani la India lilitengenezwa na mhunzi. Alikata vipande vya chuma, akavipinda kwa nyundo, akaviunganisha kwa misumari mifupi iliyogongwa vichwa pande zote mbili. Mafundi wetu huiita misumari hiyo ribiti. Karai la namna hiyo ni zito. Halipasuki upesi kwa moto. Linaweza kutumika miaka mingi, likarithiwa na watoto.

KARAI LAFIKA BUSTANINI

Tangu miaka ya 2000, wafanyabiashara walianza kupeleka makarai makubwa ya India huko Uingereza. Baadhi yalikuwa makuukuu, yaliyokwisha kupikia vyakula vingi vya harusi. Mengine hutengenezwa mapya kwa mtindo uleule. Mengi yana upana wa sentimita 60 hadi mita moja hivi.

Waingereza hawakuyatumia kukaangia. Waliyaweka juu ya kigoda cha chuma chenye miguu mitatu au minne, wakatia kuni au mkaa ndani, wakawasha. Juu ya mdomo waliweka wavu wa chuma, wakapanga nyama, soseji na mahindi. Chakula kikiisha, waliondoa wavu, wakaongeza kuni, wakaota moto.

Kwa nini karai linafaa kwa kazi hiyo? Ziko sababu tatu.

Kwanza, umbo lake. Kitako ni cha duara. Makaa hujikusanya katikati, na majivu hayamwagiki ovyo.

Pili, mdomo wake ni mpana. Hewa inaingia kwa wingi, na moto unawaka vizuri.

Tatu, linakaa juu ya miguu. Moto haugusi nyasi wala ardhi. Mtu anayechoma nyama hainami sana.

Mafundi wengine hutoboa tundu dogo kitakoni ili maji ya mvua yatoke. Maji yakikaa ndani, chuma huliwa na kutu.

Ndugu msomaji, unaweza kucheka. Watu wenye majiko ya umeme na gesi wanarudi kukaa nje kuota moto kama sisi tunavyokaa kwenye mafiga! Lakini moto una raha yake kila mahali. Watu wakiuzunguka, hadithi hutoka, na watoto husikiliza. Hatusemi moto ni mbaya. Tunasema moto una sheria zake.

SUMU ISIYOONEKANA

Sheria ya kwanza ni hii: moto wa karai ni wa nje. Usiuingize ndani ya nyumba ambamo watu wanakaa au kulala. Usiuingize ndani ya hema. Usiuweke barazani palipozibwa pande zote.

Watu wengi huogopa moshi. Wanasema, "Moshi ukiisha, hatari imeisha." Hapo ndipo wanapokosea.

Tazama mkaa uliokolea. Umekuwa mwekundu. Hautoi ndimi za moto wala moshi. Unaona umetulia. Lakini mkaa huo unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, huwezi kuiona. Haina harufu, huwezi kuinusa. Haiwashi macho wala haikereti koo. Mtu anaivuta huku amelala, na hashtuki.

Hewa hiyo inauaje? Sikiliza vizuri.

Tunapovuta pumzi, hewa safi ya oksijeni inaingia mapafuni. Damu inaichukua, inaipeleka kwenye ubongo, moyo na kila mahali mwilini. Bila oksijeni mwili unakufa. Damu ni kama mchukuzi anayebeba mzigo kila siku.

Sasa kaboni monoksaidi ikiingia mapafuni, inashika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200. Mchukuzi amebebeshwa sumu, hana nafasi ya kubeba oksijeni. Ubongo unakosa hewa. Mtu anachoka, anasinzia, anazimia, kisha anakufa.

Karai likiwa nje, upepo unachukua hewa hiyo na kuitawanya. Hailundikani mahali pamoja. Ndani ya chumba kilichofungwa haina pa kwenda. Inaongezeka kidogo kidogo mpaka inatosha kuua.

MASHAURI YALIYOTOKEA

Huko Uingereza watu wamekufa kwa njia hiyo. Walikwenda kupiga kambi. Jioni walichoma nyama nje ya hema. Usiku baridi ikazidi. Waliona jiko bado lina joto na halina moshi, wakaliingiza ndani ya hema ili lipashe moto. Asubuhi hawakuamka. Ndiyo maana sasa vikosi vya zimamoto vya huko huwaonya watu kila mwaka wasiingize majiko ya kuchomea nyama ndani ya mahema.

Huko India nako mambo ni hayohayo. Kaskazini mwa India, katika sehemu kama Delhi, Punjab na Kashmir, kuna baridi kali miezi ya Desemba na Januari. Watu wasio na njia nyingine ya kupata joto huwasha mkaa au kuni katika jiko dogo liitwalo angithi. Hulitia chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Karibu kila majira ya baridi magazeti ya huko huandika habari za watu waliokutwa wamekufa, pengine baba, mama na watoto pamoja.

Kashmir wana chombo kingine. Kinaitwa kangri. Ni chungu kidogo cha makaa kilichowekwa ndani ya kikapu. Mtu hukibeba chini ya joho lake ili apate joto tumboni. Tangu karne ya 19 madaktari waliona kuwa watu wanaotumia kangri kwa miaka mingi hupata kansa ya ngozi ya tumbo na mapaja, mahali palepale panapochomwa na joto kila siku. Kansa hiyo imepewa jina la chombo chenyewe.

Na kwetu je? Hapa kwetu ziko sehemu za baridi. Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto na miteremko ya Kilimanjaro huwa na baridi kali hasa mwezi Juni na Julai. Huko watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Wengine hufanya hivyo wakati wa mvua hata sehemu za joto. Mama aliyejifungua huwekewa jiko chumbani ili yeye na mtoto wasione baridi. Nia ni njema, lakini jiko hilo linaweza kuwaua wote wawili. Hewa hiyo ni hatari zaidi kwa mtoto mchanga, kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, kwa wazee na kwa wenye ugonjwa wa moyo.

Basi ukiona baridi, ongeza blanketi. Vaa nguo nzito. Watoto walale pamoja. Kunywa uji wa moto kabla ya kulala. Kama ni lazima kupasha chumba joto, pasha mapema watu wakiwa macho, mlango na dirisha vikiwa wazi. Kisha toa jiko nje kabla mtu yeyote hajalala. Kufungua dirisha kidogo tu na kulala na jiko ndani hakutoshi.

Kumbuka pia kuwa makaa yaliyofunikwa majivu huendelea kutoa sumu kwa saa nyingi. Usiseme, "Yamezimika." Kama bado yana joto, yaache nje.

DALILI ZA SUMU YA MKAA

Utajuaje kuwa mtu amevuta hewa hii? Angalia dalili hizi:

Kichwa kinauma.
Anasikia kizunguzungu.
Anasikia kichefuchefu au anatapika.
Miguu haina nguvu.
Anasema maneno yasiyoeleweka, kama mlevi.
Anasinzia, na kumwamsha ni kazi.

Watu wengi hudhani ni malaria au wamekula chakula kibaya. Jiulize maswali mawili. Je, kuna jiko la mkaa ndani? Je, watu zaidi ya mmoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja? Kama jibu ni ndiyo, shuku mkaa.

Ufanye nini?

1. Fungua mlango na madirisha yote. Usikae humo ndani. Wewe nawe unaweza kuanguka.

2. Watoe watu nje upesi, mahali penye hewa safi. Waokoaji wawe wawili au zaidi kama inawezekana.

3. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimpe maziwa, maji wala dawa yoyote mdomoni. Ataziba koo.

4. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze mara moja.

5. Mpeleke hospitali au kituo cha afya bila kuchelewa, hata kama ameamka na anasema amepona. Mwambie mganga kuwa alikuwa chumbani na jiko la mkaa. Dawa kubwa ya sumu hii ni oksijeni, na mgonjwa huhitaji kupewa kwa mashine.

KUUNGUA MOTO

Hatari ya pili ya karai la moto ni kuungua. Chuma kina hila. Kikiwa chekundu kila mtu anakiogopa. Kikirudi kuwa cheusi, mtoto anadhani kimepoa. Kumbe bado kinaweza kuchuna ngozi ya mkono. Karai zito hukaa na joto muda mrefu baada ya moto kuzimika.

Kwa hiyo, fanya yafuatayo. Weka karai mahali tambarare, lisiyumbe. Liweke mbali na nyumba ya nyasi, ghala, uzio wa makuti na mti wenye matawi ya chini. Angalia upepo unaelekea wapi. Chora duara chini, hatua mbili kutoka kwenye karai pande zote. Waambie watoto kuwa hapo ndipo mpaka wao. Mtu mzima mmoja awe mlinzi wa moto, na asiondoke. Weka ndoo ya maji na ndoo ya mchanga karibu.

Usivae khanga inayoning'inia au mikono mipana ukiwa unachochea. Tumia koleo refu. Usimwage mafuta ya taa wala petroli juu ya moto au makaa. Mvuke wake hulipuka na kurudi kwenye kopo uliloshika. Wengi wameungua uso na kifua kwa ajili hiyo.

Usimwage maji mengi ghafula katika karai lenye makaa mengi. Mvuke utakurukia, na chuma kinaweza kupasuka. Kama ni karai la kukaangia na mafuta yameshika moto, usimwage maji kabisa. Maji yatarusha mafuta yanayowaka kila upande. Funika kwa mfuniko wa chuma au bati pana, ondoa moto chini, uache mpaka yapoe.

Nguo ya mtu ikishika moto, asikimbie. Akikimbia, upepo unachochea moto. Alale chini, agaagae. Mwingine amfunike kwa blanketi zito au gunia lililolowa mpaka moto uzime.

Mtu akiungua, huduma ya kwanza ni maji. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Kama huna bomba, tumia kata na ndoo. Mwagia taratibu, usikate. Usitumie barafu. Mtoto asizizime. Mfunike sehemu nyingine za mwili zisipate baridi. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanasaidia.

Vua pete na bangili upesi kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Malengelenge usiyapasue. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Usipake samli, mafuta, dawa ya meno, yai, majivu, unga, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi huweka joto ndani au huingiza wadudu wa magonjwa kwenye kidonda.

Peleka zahanati mtoto yeyote aliyeungua, na mtu yeyote mwenye kidonda kikubwa kuliko kiganja chake. Peleka pia aliyeungua uso, mikono, miguu, maungio au sehemu za siri.

CHUMA GANI? KUNI GANI?

Karai la India linalotumika kwa moto ni la chuma kitupu. Si kila chombo kinafaa. Makarai mengine ya ujenzi na ndoo nyingi za bati zimepakwa madini yaitwayo zinki ili zisishike kutu. Zinki ikiunguzwa kwa moto mkali hutoa moshi mweupe. Mtu akiuvuta, baada ya saa chache hupata homa, kutetemeka, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Usifanye chombo cha namna hiyo kuwa jiko.

Kwetu mafundi wengi hukata pipa, wakalifanya jiko la kuchomea nyama. Uliza kwanza pipa lilibeba nini. Kama lilibeba dawa ya kuua wadudu wa pamba au kahawa, au kemikali za kiwanda, usilitumie kwa chakula hata ukiliosha mara kumi. Na pipa lililokuwa na petroli lisikatwe kwa moto wa gesi. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka na kumuua fundi.

Choma kuni kavu au mkaa. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Usichome mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa. Usichome plastiki, mipira ya gari wala taka. Moshi wake una sumu, na sumu hiyo hushika kwenye nyama unayoichoma. Ukitaka kutegemeza karai kwa mawe, usichukue mawe yaliyolowa ya mtoni. Maji yaliyo ndani ya jiwe hugeuka mvuke, na jiwe huweza kupasuka kwa kishindo.

NYAMA YA MOTO

Kabla ya kuchoma, ngoja makaa yakolee na yafunikwe na majivu meupe kidogo. Moto wenye ndimi huunguza nyama nje na kuiacha mbichi ndani. Nyama mbichi ndani huleta kuhara na minyoo. Kuku akatwe mpaka kwenye mfupa kuangalia. Asiwe na wekundu, na maji yake yawe meupe. Nyama ya nguruwe nayo iive kabisa.

Sahani iliyobeba nyama mbichi isibebe nyama iliyoiva kabla haijaoshwa. Kisu nacho kioshwe. Sehemu zilizoungua na kuwa nyeusi kama mkaa, zikate uzitupe.

NA MOSHI WA JIKONI?

Ndugu msomaji, tumesema karai la moto ni la nje. Lakini mamilioni ya wanawake hawana hiari hiyo. Wao hupika kwa kuni ndani ya jiko dogo kila siku, mtoto akiwa mgongoni.

Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa kupikia majumbani. Moshi huo huleta nimonia kwa watoto, ugonjwa wa mapafu, ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Katika vijiji vya India jiko la kuni ni la udongo, huitwa chulha. Huwashwa kwa kuni, mabua na samadi ya ng'ombe iliyokaushwa. Mwaka 2016 serikali ya India ilianzisha mpango uitwao Ujjwala wa kuwapatia wanawake wa kaya maskini majiko ya gesi. Mamilioni ya kaya walipewa. Lakini mtungi ukiisha, wengine hukosa fedha za kuujaza, wakarudi kwenye kuni.

Hapa tunaona jambo la kufikiri. Mwingereza anaweka moto bustanini kwa starehe, upepo ukachukua moshi. Mama wa kijijini anauweka moto jikoni kwa shida, na moshi anauvuta yeye na mwanawe. Moto ni uleule. Kinachotofautisha ni hewa.

Basi hata kama huna gesi, unaweza kupunguza moshi. Pikia nje au barazani pasipo na kuta pande zote, mvua ikiwa haipo. Jiko la ndani litobolewe madirisha mawili yanayotazamana, na dohani ya kutolea moshi juu. Anika kuni mpaka zikauke. Loweka maharage usiku ili yaive upesi. Funika sufuria. Mtoto mchanga asikae jikoni. Kazi hii si ya mama peke yake. Baba ndiye anayejenga jiko. Basi ajenge lenye madirisha.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Karai la moto likae nje, siku zote.
Makaa yasiyo na moshi bado yana sumu.
Usilale na jiko la mkaa chumbani hata usiku mmoja.
Kichwa kikiuma na jiko lipo ndani, toka nje kwanza.
Aliyeungua amwagiwe maji dakika 20, asipakwe kitu.
Moto usiachwe bila mlinzi.
Majivu yamwagiwe maji kidogo kidogo mpaka yapoe, ndipo yatupwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkaa usio na moshi ni hatari ndani ya chumba?

2. Katika kijiji chenu, ni nani hulala na jiko la mkaa? Ni kwa sababu gani? Mnaweza kumsaidiaje apate joto kwa njia nyingine?

3. Mtu akiungua kijijini kwenu, watu hupaka nini? Sasa mmejifunza wafanye nini?

4. Hesabuni majiko ya kupikia ya jirani kumi. Mangapi yana madirisha mawili? Pangeni siku ya kuyatoboa yaliyobaki.

Aliyesoma makala hii amsomee na jirani ambaye hajajua kusoma. Usiku wa baridi hautangojea mpaka naye amalize kisomo.